Mwongozo kamili wa kutembea kwenye theluji na kukwepa valanga, kwa ndugu zetu wa Malindi mnaokwenda Italia

Mpwa wangu amepata kazi ya msimu kwenye hoteli moja huko milimani kaskazini mwa Italia, yuwaondoka mwezi wa kumi na mbili, na tangu apate hio habari kila siku yuwanionyesha video za watu wanateremka na ski, zile mbao ndefu za kuvaa miguuni, kwenye theluji nyeupe pe, hakuna nyayo hakuna mtu mwengine, yeye akitazama aona raha, mimi natazama ule mteremko moyo wanienda mbio. Nikamwambia mwanangu kaa chini. Nikaanza kumwandikia kwa simu, ikawa ndefu, nikaona bora niiweke hapa wote wasome, manake wa Malindi tunaokwenda kule ni wengi, tangu Waitaliano waje na mambo yao ya kurusha roketi ya San Marco pale Ngomeni miaka ya 1960 mpaka leo kuna familia ngapi hapa zina shemeji Bergamo ama Brescia, na huyo shemeji siku ya kwanza ya mapumziko atakwambia twende mlimani, na wewe kwa heshima hutakataa.

Mimi nimefanya misimu minne jikoni kwenye hoteli ya Trentino. Sio muongozaji wa milima, na haya nisemayo hayachukui nafasi ya kozi, lakini yule mpishi mkubwa wetu alikuwa mzee aliyejitolea miaka mingi kwenye kikosi cha uokoaji cha bonde lao na kila jioni tukiosha masufuria alinifundisha, nami niliyaandika. Neno ntakalotumia ni valanga, ndo utakalolisikia kule. Ni theluji inayoporomoka mlimani kwa wingi na kwa kasi, zile kubwa za unga unga zafika hata kilomita 300 kwa saa, na ikisimama hugandamana kama zege, mtu aliyefunikwa hata kidole hainui.

Kwanza elewa inavyoporomoka

Wengi wadhani valanga ni theluji ya kule juu kabisa inajiangukia yenyewe na wewe umepita tu kwa bahati mbaya. Sivyo. Valanga zinazoua watembezi, karibu tisa katika kumi, huwa imeanzishwa na huyo huyo aliyekufa ama mwenzake wa safari, kwa uzito wa miguu yao. Hii ndo habari ya kwanza na kwangu mimi ndo habari njema, manake kama ni wewe unayeianzisha basi kuna jambo waweza kulifanya.

Nenda Mambrui kwenye vile vilima vya mchanga, ama kama uko Lamu panda vile vya Shela. Upande unaopigwa na upepo mchanga umeshindiliwa, mwinuko wake ni wa pole, watembea vizuri tu. Vuka kileleni ushuke upande wa pili, ule ambao upepo waupa mgongo, hapo mchanga umelegea na mteremko ni mkali, ukikanyaga tu washuka nao. Upepo umeutoa mchanga huku ukaumwaga kule. Theluji nayo hivyo hivyo, na wazee wa Alps, ndo hio milima ya kule, wana usemi kwamba upepo ndo fundi anayejenga valanga. Sasa kumbuka mchanga mkavu hausimami zaidi ya digrii thelathini na kitu, ukizidi hapo wateremka. Hio namba iweke kichwani tutairudia.

Lakini theluji ina jambo moja ambalo mchanga hauna, nalo ndo linaloua. Theluji hushikana. Chukua sinia, mwaga mchele mkavu tabaka moja, juu yake weka kipande cha boksi kilichotanda vizuri, juu ya boksi weka kitu kizito kidogo, afu inua sinia upande mmoja pole pole. Mwanzo hakuna kitu. Wainua, hakuna kitu. Afu ghafla boksi lote zima lateleza kwa pamoja. Hilo boksi ndo bamba la theluji, yaani theluji iliyoshikana, mara nyingi imeshindiliwa na upepo, na ule mchele ni tabaka dhaifu lililofukiwa chini yake. Mtu akikanyaga juu ya bamba, lile tabaka la chini lavunjika, na huo mvunjiko wakimbia chini kwa chini kuliko unavyoweza kukimbia wewe, mara waona bamba limekatika mita 20 juu yako na wewe uko katikati. Theluji ya juu yaonekana safi, ngumu, nzuri kutembea. Ule mchele huuoni.

Huo mchele watoka wapi? Kuna njia mbili kubwa. Usiku wa mbingu wazi na baridi kali, juu ya theluji huota vijiti vya barafu kama manyoya, vinang'aa jua likitoka, vizuri mno kutazama, na siku ikinyesha theluji mpya juu yao basi vimefukiwa na vitakaa hivyo wiki nyingi. Njia ya pili, theluji ikiwa ni kidogo na baridi ni kali kwa muda, chini kule theluji hubadilika ikawa punje punje kama sukari, ukiishika mkononi haishikani yamwagika. Kwa hivo mwaka wenye theluji chache mwanzoni mwa msimu sio mwaka salama, mzee wangu aliogopa miaka hio kuliko miaka ya theluji nyingi.

Jioni kabla ya safari: soma boletino

Kule kila mkoa wa milima una boletino ya valanga, yaani taarifa ya hatari, kwenye Alps upande wa Italia wanashirikiana chini ya AINEVA, jumuiya yao ya theluji na valanga, ambao makao yao ni Trento, na Trentino pamoja na Alto Adige na Tirol ya Austria wana boletino yao moja hutoka kila siku saa kumi na moja jioni ya kule kwa hesabu yetu ya Kiswahili, wao husema saa kumi na saba. Ipo kwenye simu, ni bure. Usitoke bila kuisoma, kama vile nahodha wa hapa hatoki bila kujua maji yanajaa saa ngapi.

Utaona namba kutoka 1 mpaka 5. Moja ni ndogo, mbili ya wastani, tatu kwa Kitaliano wasema marcato, yaani imezidi wastani, nne kubwa, tano kubwa mno. Sikiliza vizuri hapa. Tatu katika tano mtu huisikia kama katikati, kama umefanya mtihani ukapata C umepita, basi ahesabu ni sawa akaenda. Hapana. Hatari haiongezeki ngazi kwa ngazi sawasawa, kila namba yaruka mbali na ile ya nyuma yake, na vifo vingi zaidi vya watembezi hutokea siku za tatu, sababu nne na tano watu waona wenyewe hali ni mbaya wakae ndani, tatu jua lawaka na mlima wapendeza. Mpwa wangu namwambia hivi: mwaka wako wa kwanza ikiwa ni 3 wewe huendi nje ya njia zilizowekwa alama na kulindwa, kwisha. Ikiwa 2 waenda na mtu anayejua. Hata 1 sio sifuri.

Afu watu wengi husoma namba wakafunga simu. Namba ndo kitu cha mwisho cha maana. Soma pale chini, kuna kiduara kama dira kinaonyesha hatari iko pande gani, kaskazini ama mashariki, na kuanzia mwinuko gani, mathalan juu ya mita 2,200. Na wataja tatizo lenyewe ni lipi, yako matano:

Neve fresca ni theluji mpya. Sentimita 20 ama 30 na upepo mkali zatosha kuwa balaa, siku ya kwanza ya jua baada ya kunyesha ndo siku ya kukaa chini unywe kahawa.

Neve ventata ni theluji iliyobebwa na upepo, ule mfano wa Mambrui. Hii haihitaji hata inyeshe, upepo waichukua iliyopo. Bora yake ni kwamba alama zake zaonekana kwa macho, ntakueleza mbele, na mara nyingi yatulia baada ya siku kadhaa.

Strati deboli persistenti ni ule mchele uliofukiwa. Hili ndo tatizo baya kupita yote kwa mgeni na hata kwa mwenyeji, sababu huoni alama, lakaa wiki, na waweza kuanzisha valanga ukiwa mbali, hata ukiwa pale bondeni pametandaa wakanyaga na mlima juu yako ukakatika. Ukiona maneno hayo kwenye boletino punguza tamaa yote.

Neve bagnata, theluji iliyolowa, mambo ya jua la mchana na mvua na miezi ya tatu na nne. Hapa saa ndo dawa: usiku mbingu wazi yaganda, alfajiri iko ngumu, waenda mapema na kufika adhuhuri ushateremka. Kama usiku kulikuwa na mawingu na joto, haikuganda, usiende.

La tano ni slittamento, theluji yote nzima mpaka chini kwenye nyasi yateleza. Ukiona ufa mkubwa mlimani kama mdomo umefunuka, usipite chini yake wala usikae hapo kupiga picha. Hata wataalamu hawawezi kukwambia itaanguka saa ngapi.

Chagua mteremko, hili ndo jambo lenyewe

Kama utasahau yote usisahau hili. Theluji huwezi kuichagua, upepo huwezi, jana ilinyesha ama haikunyesha sio kazi yako. Mteremko wauchagua wewe. Na valanga za bamba karibu zote huanza kwenye mteremko wa digrii 30 mpaka 45. Chini ya 30 ni nadra sana kukatika, ukizidi sana 45 theluji haikai inajimwaga yenyewe kidogo kidogo. Bahati mbaya hio 30 mpaka 45 ndo mteremko mtamu wa ski, ndo ule wa kwenye video za mpwa wangu.

Utaujuaje? Kwanza kwenye ramani ukiwa nyumbani. Kuna ramani za simu zinazopaka rangi miteremko iliyozidi 30, tumia hio. Kama una ramani ya karatasi ya 1:25,000 na mistari ya mwinuko ni ya kila mita 25, digrii 30 ni pale mistari miwili ya jirani imeachana milimita 1.7, ikibanana kuliko hapo ni mkali zaidi. Pili ukiwa huko, laza fimbo yako juu ya theluji kufuata mteremko, weka simu juu ya fimbo, fungua ile programu ya kupimia usawa, itakwambia digrii. Mwanzoni pima kila mahali, kisia kwanza afu pima. Mimi wiki ya kwanza nilikuwa nikisema hapa ni 40 kumbe 27, na mbaya zaidi pengine nilisema 25 kumbe 34. Macho ya mtu aliyekulia ufukweni hayajazoea, yafundishe.

Na usitazame tu pale ulipokanyaga wewe. Tazama juu yako. Waweza kuwa kwenye njia tambarare kabisa lakini juu kuna mteremko wa 38 umebeba theluji ya wiki nzima, ikija yakukuta hapo chini. Hoteli ya Rigopiano kule Abruzzo tarehe 18 Januari 2017 haikuwa kwenye mteremko wa ski, ilikuwa chini, watu wako ndani wasubiri njia ifunguliwe, siku ya theluji nyingi mno na matetemeko, valanga ikateremka ikaichukua, watu 29 wakafa. Kwa hivo wewe mfanyakazi wa hoteli wakifunga barabara ya bonde usitafute njia ya panya ati uwahi zamu. Piga simu sema barabara imefungwa.

Afu tazama chini yako pia. Uliza: nikibebwa napelekwa wapi? Kama chini pametandaa vizuri, hata valanga ndogo waweza kutoka. Kama chini kuna korongo, mto, jabali la kuanguka ama miti ya kugongwa nayo, valanga ndogo tu yaua, na kwenye korongo theluji yajaa kwa kina ukafukiwa mita tatu. Hayo mahali ni mtego, yazunguke.

Vifaa

ARTVA, beleshi, sonda. Vitatu, kila mtu na vyake, hakuna kuazimana wala kugawana. ARTVA ni kifaa kidogo cha redio wajifunga kifuani ndani ya koti, chatuma mawimbi ya kilohezi 457 muda wote, na mtu akifukiwa wenzake wageuza vyao kwenye kutafuta wamfuate. Beleshi liwe la chuma jepesi, la plastiki likikutana na theluji ya valanga lavunjika. Sonda ni fimbo ya kukunja, ikinyooshwa isiwe chini ya mita 2.40, yadungwa kwenye theluji kumpata mtu kabla ya kuchimba. Na Italia ni sheria, tangu tarehe 1 Januari 2022 ukitembea nje ya njia rasmi kwenye theluji, iwe kwa ski ama kwa zile chaspole, viatu vipana vya kuvaa usizame kwenye theluji, na mahali pana hatari ya valanga, lazima uwe navyo, ukishikwa huna ni faini. Waweza kukodisha kwenye maduka ya ski.

Betri mpya mwanzo wa msimu, zile za kawaida za alkalini, usiweke za kuchaji. Na simu! Simu yako yavuruga ARTVA, iwe mbali nayo sentimita 20 ikiwa yatuma na sentimita 50 ukiwa watafuta. Simu ya mfuko wa kifua weka mfuko wa suruali, hata saa za mkononi za kisasa na glavu za kupasha joto zavuruga.

Nguo sitasema mengi. Pamba usivae ndani, ikilowa jasho yakugandisha, vaa sufi. Miwani ya jua lazima, mng'ao wa theluji waunguza macho kuliko mchana wa Silversands.

Njiani

Kabla hamjaondoka kila mmoja awashe ARTVA na mmoja asimame pembeni asikilize wakipita mmoja mmoja, ahakikishe zote zatuma. Dakika mbili tu. Mwambie mtu aliyebaki hotelini mwaenda wapi na mwarudi saa ngapi.

Mkipanda penye mteremko wa zaidi ya 30 achaneni, kama mita kumi kumi, na mkivuka pahali pabaya vukeni mmoja mmoja huku wengine wametulia pahali salama wakimtazama, sio wakitazama simu. Kuteremka pia mmoja mmoja. Msipumzike kula chini ya mteremko mkubwa, tafuta mgongo wa mlima ama kwenye msitu mnene. Mikanda ya fimbo isiwe mikononi, ukibebwa fimbo zakuvuta chini kama nanga.

Kileleni jihadhari na ukingo. Upepo hujenga kibaraza cha theluji kinaning'inia hewani, juu kinaonekana ni ardhi, chini hakuna kitu, kama yale majabali ya Watamu yaliyoliwa na maji kwa chini, lakini jabali ni jiwe na hii ni theluji tu, yaweza kukatika hata nyuma yako. Simama mbali kuliko unavyodhani yatosha. Na hicho kibaraza ni dira pia, upande kinakoelekea ndo upande upepo ulikomwaga theluji, mteremko ule usiuguse. Alama nyengine za upepo ni mawimbi mawimbi juu ya theluji kama mchanga maji yakitoka, theluji iliyorundikana upande mmoja wa mti ama nguzo, na theluji ambayo ukiikanyaga yatoa sauti ya ngoma, yaonyesha iko wazi chini.

Alama za kugeuka hapo hapo

Umeona valanga mpya kwenye mlima wa jirani unaoelekea upande ule ule wako: geuka. Umekanyaga ukaona ufa unakimbia kutoka kwenye mguu: geuka. Joto limepanda ghafla, theluji yadondoka mitini, vipira vyabiringika: geuka. Na ile sauti.

Ile sauti nimeisikia mara moja. Msimu wa tatu, siku yangu ya mapumziko, mimi na mwenzangu wa kuosha vyombo tulitoka na chaspole, boletino ilikuwa 3 na mimi niliiona, nikajiambia ni siku nzuri hakuna wingu, tena mbele yetu kuna nyayo za watu wamepita jana, wao wamepita salama sisi tutashindwaje. Siku mbili nyuma upepo ulivuma usiku kucha mpaka madirisha yalilia. Tulikuwa pahali pa pole tu, kiasi cha digrii ishirini, nikasikia vuumf, sauti nzito ya chini kama mtu amedondosha gunia la mchele chumba cha pili, na theluji yote ikashuka chini ya miguu yangu kama sentimita mbili hivi, pamoja nami. Afu kimya. Ni lile tabaka la mchele limevunjika chini yetu na hewa imetoka. Lau tungekuwa kwenye 35 tungekwenda nalo. Tulirudi kwenye nyayo zetu wenyewe, tumeachana, hakuna aliyesema neno mpaka barabarani. Jioni nilipomwambia mzee wa jikoni hakunigombeza, aliacha kisu akaniuliza tu, hizo nyayo za jana zilikwambia nini? Nyayo zinakwambia kuna mtu alipita, basi. Yaweza kuwa yeye alikanyaga sentimita hamsini kutoka pale bamba lilipo jembamba na wewe ukapatia penyewe.

Ikitokea

Kama ni wewe umebebwa, piga kelele wakuone, jaribu kukimbilia pembeni, na ikianza kupunguza kasi lete mikono mbele ya uso ujitengenezee nafasi ya hewa, manake ikisimama hutaweza tena.

Kama ni mwenzako, macho yasimwachie, shika pale alipoonekana mara ya mwisho. Hakikisha hakuna nyengine inakuja. Mmoja apige 112. Kama uko peke yako na mtandao hakuna usiende kutafuta msaada, tafuta mtu wako kwanza, na hii ndo sababu: aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika 10 wanaopona ni karibu tisa katika kumi, ikifika nusu saa ni karibu watatu tu. Helikopta hodari vipi haifiki dakika 10. Uhai wake uko mikononi mwa nyinyi mliopo pale.

Wote geuzeni ARTVA kwenye kutafuta, wote, mmoja akisahau yake inatuma mtamtafuta yeye. Shukeni kwenye theluji iliyoporomoka kuanzia alipoonekana mwisho, huku mkitazama kwa macho pia, glavu, ski, mkono. Ukipata mlio fuata mshale, namba zapungua, hizo ni mita kwa makadirio. Hapa waweza kwenda mbio. Ikifika 3 punguza, inama, kifaa kiwe karibu kugusa theluji, usikigeuze geuze, kipeleke mbele na nyuma afu kulia na kushoto mpaka upate namba ndogo kuliko zote. Hapo weka alama, dunga sonda kwa pembe mraba na mteremko, kama haukugusa zunguka kwa kupanuka kila sentimita 25. Mwili waujua, ni laini na warudisha kidogo, sio kama jiwe. Ukigusa iache sonda hapo hapo usiichomoe.

Sasa kuchimba, ndo kazi ndefu kupita zote na watu huidharau. Usichimbe kwa juu moja kwa moja kama kisima, utamkanyaga na kufunga hewa yake. Shuka kidogo upande wa chini wa sonda, chimba kuingia kwake kwa ubavu, theluji uitupe nyuma, mbadilishane kila dakika moja. Tafuta kichwa kwanza, safisha mdomo na pua, ondoa uzito kifuani, kama hapumui mpe pumzi na kubonyeza kifua. Akishatoka mfunike asipate baridi zaidi, msimtikise wala msimkokote.

Mazoezi

Haya hayasomwi tu. Vikundi vya milima kule hufanya kozi za mwanzo wa msimu, mara nyengine wikendi moja, na ada yake ni ndogo ukilinganisha na ile ski. Lakini mpwa wangu hangoji kufika. ARTVA zangu mbili za zamani bado zafanya kazi, moja naifunga kwenye mifuko miwili ya plastiki naifukia kwenye mchanga mkavu juu ya mstari wa maji, kina cha mkono, yeye ameangalia upande wa pili, nasema haya, naye anaanza kuhesabiwa. Watoto wa pwani wamejaa wakitazama wakidhani twatafuta dhahabu. Mara ya kwanza alipita juu yake mara nne na kuchimba pahali sipo, dakika kumi na saba, nikamwambia mwenzio ashakufa, akakaa kimya. Jana alfajiri ilikuwa dakika sita na nusu mpaka beleshi liguse mfuko, bado anasimama wima akifika zile mita tatu za mwisho badala ya kuinama. Kesho tena, tukitoka kuswali.